Kimea cha Kumpokea Baba Mkwe

Jumapili, 24 Novemba 1963. Changamwe.

Barua ya baba mkwe imefika. Kurasa mbili, wino wa bluu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Anakuja kwa gari moshi Jumatano ya tarehe 11 Desemba ili tuupokee Uhuru pamoja. Vizuri! Halafu akirudi bara anarudi na Milcah. Si vizuri hata kidogo. Mtoto wetu atazaliwa Machi, naye mzee hataki mjukuu wake wa kwanza azaliwe katika chumba cha kupanga. Ameandika kwamba mwanamume ambaye kwake hakupikwi pombe ya nafaka hana mji, ana mahali pa kulala tu.

Nimeisoma mara tatu. Mimi, Nicanor, karani wa kuhesabu shehena huko Kipevu, sina mji!

Milcah anasema baba yake akishasema jambo hulitenda. Yeye atalia njia nzima mpaka Kisumu, lakini atakwenda, maana baba ni baba. Mimi kabla hajaja nilikaa chumba hiki mwaka mzima peke yangu. Mkate na chai asubuhi, mkate na chai jioni, mazungumzo na mjusi. Sirudii maisha hayo.

Basi busaa, pombe yetu ya wimbi na mahindi, itapikwa, tena ya kumfanya mzee asahau alichojia. Kuna tatizo moja. Mjuzi wa kupika ni Milcah, na tangu apate mimba hawezi kustahimili harufu ya kimea. Wimbi likianza kuota tu anakimbilia uani. Nitapika mwenyewe. Mama alikuwa akipika kila baada ya mavuno nami nikimtazama. Kwa kweli nilikuwa nikiutazama mtungi, lakini ni karibu sawa.

Jumatatu, 25 Novemba.

Nimeloweka wimbi pishi nne. Ndoo iko chini ya kitanda, kwa sababu za kiserikali na za kidini. Za kiserikali ni kwamba sina kibali. Za kidini ni kwamba mwenye nyumba wetu ni Bwana Barakat, mtu wa swala tano.

Dishon ameiona ndoo. Huyu Dishon ni jirani yangu wa chumba cha pili na karani mwenzangu kazini. Hakuna kitu changu asichokiona. Akasema mke wake, Mueni, ana jiwe la kusagia alilotoka nalo Ukambani, na kimea akisaga yeye hakuna lawama. Nikamshukuru. Nikamwambia jiwe ni mambo ya zama za Nuhu, nchi inapata Uhuru, mimi nitatumia mashine. Sikujua kwamba Mueni alikuwa nyuma yangu anaanika nguo. Alilikung'uta shati la Dishon mpaka likalia.

Alhamisi, 28 Novemba.

Kimea kimeota! Vijimizizi vyeupe kila mahali, chini ya gunia. Nimekigawa mafungu mawili na kukianika. Unga wa mahindi nimeshauchachusha na kuukaanga juu ya bati, na nyusi zangu zitaota tena. Milcah anatoa maelekezo kutoka mlangoni, amejiziba pua kwa leso. Amesema mama yake alikuwa akiponda kimea kwa jiwe, hakuwa akikipeleka mashineni. Nikamwambia mama yake hakuwa na mashine. Akasema mashine ilikuwapo ng'ambo ya mto. Sikuona sababu ya kuendelea na mjadala huo.

Jumamosi, 30 Novemba.

Mashine ya kusaga hapa mtaani ni moja tu, ya Barakat huyo huyo. Iko karibu na stesheni. Inanguruma mpaka meno yanatikisika. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: HATUSAGI KIMEA. Ana haki yake. Unga wa futari wa mtaa mzima unapita humo.

Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nikapanga foleni na fungu la kwanza. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia, shikamoo Bwana Barakat, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza nimeleta nini. Nikasema wimbi. Wimbi la uji. La mke wangu, mjamzito.

Nilitarajia achungulie. Badala yake uso wake ulilainika wote. Akasema alhamdulillahi. Akasema binti yake Ruwaida alikunywa uji wa wimbi miezi yote tisa akajifungua salama usalimini, na mtoto ana mashavu haya. Akakataa pesa yangu, akaapa wallahi hapokei hata senti kwa uji wa mama mjamzito. Kisha akamwamuru fundi wake abane mawe mpaka mwisho, na unga ukitoka aurudishe usagwe mara ya pili, maana uji wa mjamzito usimkwaruze koo.

Nilijaribu kusema mara moja inatosha. Akaniambia nisione haya.

Nimerudi na unga laini kuliko poda ya mtoto. Sijawahi kuona unga mzuri namna hii. Nadhani nilihofu bure. Nimeuchanganya jioni hii hii.

Jumanne, 3 Desemba.

Msiba.

Nimefungua pipa kuonja. Haionjeki. Inavutika. Nilitia mkono, mkono ukatoka na pipa zima. Nikamimina kwenye mfuko wa kuchujia, nikaukamua, nikauning'iniza dirishani, nikaupiga kwa fimbo. Tone moja halikutoka. Nikakamua kwa nguvu zaidi, mfuko ukapasuka, na ukuta wa Bwana Barakat sasa una rangi ya udongo mpaka kwenye dari.

Dishon alikuja bila kuitwa. Akaingiza kidole, akatazama gundi ile inavyoning'inia, akasema kazini wanatafuta kitu cha kubandikia karatasi kwenye makasha. Nilimshukuru kwa sauti ya chini.

Jambo lingine linanitafuna. Bi Sheikha, mke wa Barakat, ameleta maziwa ya kutia kwenye uji wa Milcah. Birika zima. Milcah akaniangalia. Akayapokea, akashukuru vizuri, akanywa maziwa. Baadaye akaniuliza nimemwambia nini mzee wa watu. Nikasema nimemwambia ana mimba. Akasema hiyo ni nusu.

Limebaki fungu moja la kimea. Siku nane.

Jumamosi, 7 Desemba.

Nimepata mashine YANGU!

Wazungu wa upande wa Port Reitz wanafunga virago. Leo bibi mmoja alikuwa anauza vyombo vyake barazani kabla ya kupanda meli. Makochi, sahani, sanduku la gramafoni. Kando, mpishi wake, Mzee Boga, alikuwa na vyake mwenyewe alivyopewa kama mkono wa kwaheri, na kati ya hivyo palikuwa na mashine ya kusaga ya mkono. Chuma kitupu! Juu bakuli la kutilia nafaka, pembeni mkono wa kuzungusha, chini skrubu ya kuibana mezani, na mbele skrubu nyingine ya kupanga kama unataka unga laini au wa chenga. Mzee Boga alisema walisagia mahindi ya kuku.

Dishon naye alikuwapo. Akaizunguka mashine. Akaigonga. Akasema kwa sauti kubwa kwamba chuma cha namna hii hakitengenezwi tena, na mtu mwenye kitu hiki nyumbani atakuwa mtu. Nikaona ananizidi kete! Mzee Boga hakutaka pesa, alitaka usafiri, kwao ni Likoni ndani ndani. Nikampa baiskeli yangu palepale, na pampu juu.

Dishon akanipongeza. Kisha akanunua kikaango, alichokuwa amekuja kununua.

Nimeibeba kichwani maili tatu. Ni nzito. Milcah ameniuliza baiskeli iko wapi. Nimemwambia aitazame mashine kwanza.

Jumapili, 8 Desemba.

Sikwenda kanisani. Nilisema ninaumwa, na kufikia saa nne ikawa kweli.

Mashine lazima ibanwe mahali. Meza yetu ni kasha la chai, ukilibana linakunjika. Dirisha lina zege nene. Kilichobaki ni kitanda. Nikaibana kwenye ubao wa miguuni, Milcah akiwa amejilaza. Nikaanza kuzungusha. Kitanda kikaanza safari. Kila mzunguko kilisogea kiganja kimoja, na mke wangu juu yake ametulia kama abiria wa daraja la kwanza, ananiuliza tunakwenda stesheni gani. Tulifika mlangoni. Nikakisukuma mpaka ukutani, tukaanza upya.

Sasa kuhusu skrubu ya mbele. Nimejifunza kwa Barakat kwamba laini ni kosa, kwa hiyo nikailegeza yote. Nafaka ikaingia nzima, ikatoka nzima, haikukwaruzika hata ganda. Nikaikaza kidogo. Nzima. Nikaikaza tena kidogo. Nzima. Nikaikaza kwa hasira. Ikatoka poda, na ndani yake vichembe vyeusi vya chuma vinavyometameta. Mashine hii ina mipango miwili tu, kutokusaga na kujisaga yenyewe. Nikajaribu kutafuta katikati. Skrubu ikakatika.

Nusu ya kimea nimeiharibu. Imebaki pishi moja.

Nilikaa chini sakafuni. Milcah akashuka kitandani, akakaa nami, pua kaiziba, mkono mwingine begani kwangu. Nikamwambia sitaki aende. Akasema yeye pia hataki. Akasema niende kwa Mueni, nimwombe radhi, nisimpelekee maelezo. Nimeogopa kuliko siku ya mtihani wa karani.

Jumatatu, 9 Desemba.

Nimekwenda kwa Mueni. Nilipeleka radhi na maelezo kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mbaazi. Akasema amenisamehe. Nikaomba basi anisagie. Akasema hilo ni jingine. Nikaomba aniazime jiwe. Akasema kwao jiwe la kusagia halitoki jikoni kwa mwenyewe, likitoka linaondoka na baraka ya nyumba. Anayelitaka hulifuata lilipo. Jiwe lipo, magoti ninayo, kesho nije na kimea changu. Nami nisimsahau Nuhu.

Dishon alikuwa amejificha nyuma ya gazeti. Gazeti lilikuwa linatetemeka.

Hesabu yangu ni hii. Nikisaga kesho asubuhi, nikichanganya mchana, kwa joto hili la Mombasa pombe itakuwa tayari Alhamisi. Mzee atafika Jumatano, hataona lolote ila pipa limefunikwa kwa heshima. Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nina msiba wa karibu.

Jumanne, 10 Desemba.

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni kwa Mueni. Nimevua shati kwa joto. Suruali ya kazi nimeiacha nyumbani isiharibike, nimefunga kiunoni leso ya Milcah, ile yenye maandishi NIMETULIA KWANGU. Nimepiga magoti mbele ya jiwe, ninakwenda mbele na nyuma, unga hadi masikioni. Mueni alikuwa amesimama mlangoni akitoa amri. Sukuma kwa mabega! Usilikamue jiwe, si nguo!

Kisha akanyamaza. Nikainua macho. Baba mkwe.

Kofia mkononi, koti, fimbo. Ameambiwa Nairobi kwamba magari moshi ya kesho yatajaa watu wa sherehe, kwa hiyo amewahi siku moja. Milcah nyuma yake, leso puani, macho yamemtoka.

Kwetu mkwe hamwoni mkwe kifua wazi. Kumwona amevaa leso hata haijatungiwa adhabu. Kusimama siwezi, leso itaanguka. Kubaki chini siwezi, nitaonekana ninamsujudia jirani. Nikamwamkia palepale nilipo. Hakuitika. Nikafikiri, basi, yamekwisha. Milcah huyo anakwenda. Nikahisi machozi, nikayasingizia unga.

Mzee akamwomba Mueni kigoda. Akamwambia Milcah akapumzike. Mueni naye akakumbuka ana nguo za kuanua, ingawa hakuwa amefua. Tukabaki wawili.

Akainama, akachota kimea nilichosaga, akakisugua kiganjani, akatafuna punje. Akasema kimea hakisagwi, kinavunjwa. Punje ipasuke mara mbili tatu, ganda libaki, maana ganda ndilo linaloichuja pombe. Ukilifanya ganda vumbi utakunywa kwa kijiko. Nikasema najua. Akaniuliza nimejuaje. Nikasukuma jiwe tena.

Akaondoa mkono wangu, akaweka wake juu ya jiwe, akasukuma mara mbili, polepole, kwa uzito wa kiganja tu. Kimea kikavunjika. Mzee anajua! Nilimtazama kwa mshangao, naye akautazama mlango kwanza. Kisha akasema mama yake Milcah alipokuwa na mimba ya Milcah, hata yeye hakuweza kunusa kimea. Na baba wa mama huyo alikuwa anakuja. Kwa hiyo baba mkwe, mwaka ule, alifunga mlango wa jiko kwa ndani, akapiga magoti. Hajamwambia mtu mpaka leo. Akaniomba na mimi nisimwambie mtu.

Ninaiandikia shajara tu, na shajara si mtu.

Alhamisi, 12 Desemba. UHURU!

Bendera mpya iko juu. Ving'ora vya meli vimelia Kipevu yote, mtaa mzima unaimba, watoto wamepewa vibendera. Na pombe! Nyepesi, chachu ya kukunja jicho, imechujika kama maji ya mvua. Baba mkwe alikunywa bakuli la kwanza kimya. La pili akasema hm. La tatu akasema mji anauona.

Milcah habebwi! Mzee anarudi peke yake. Amesema nyumba ambayo mume anapiga magoti kwa ajili ya mkewe haina haja ya kuokolewa. Badala yake, Machi atamtuma mama mkwe aje kumtunza mzazi, miezi mitatu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya dari moja, na sisi tuna dari moja. Nitalala kwa Dishon. Dishon amesikia, hajasema kitu tangu hapo. Hata hivyo nimefurahi mpaka nimemkumbatia.

Alasiri Bwana Barakat alipita kila chumba kuwapa wapangaji mkono wa Uhuru. Pipa lilikuwa katikati ya sakafu! Nikasimama mbele yake. Nikasema ni uji. Wa Milcah. Mwingi kwa ajili ya wageni. Barakat akavuta pumzi moja ndefu kwa pua. Akautazama ukuta na ile rangi ya udongo. Akamtazama baba mkwe, aliyekuwa anamwimbia mjusi. Kisha akamwombea Milcah kila la heri, inshallah azae salama, akaniambia kwa upole kwamba uji wa mjamzito usikae sana kwenye joto, huchacha. Akatoka taratibu na mlango akauvuta nyuma yake.

Hakushuku chochote. Mtu mwema sana.

Jumatatu, 16 Desemba.

Mzee amesafiri. Stesheni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na ile mashine ya mkono akaomba aende nayo. Anasema itamfaa kuzuia mlango upepo ukivuma. Nimempa kwa moyo mkunjufu.

Nimekaa nikafikiri. Tatizo halikuwa mashine. Tatizo lilikuwa mipango ya mashine! Mashine ya Barakat ikilegezwa mawe kidogo itavunja kimea debe zima kwa dakika tano, bila magoti, bila Mueni. Krismasi ni wiki ijayo, na Kipevu yote ina kiu. Kilichobaki ni kumwelekeza Barakat bila kumwudhi.

Leo asubuhi nimemwona. Nimemwambia daktari amesema uji wa Milcah sasa uwe wa chenga, kwa ajili ya nguvu. Akanitazama kwa muda. Akauliza ni kiasi gani. Nikasema madebe mawili. Akasema madebe mawili ni mengi kwa mama mmoja. Hapo ndipo neno lilipotoka, lenyewe, sikulipanga. Nikasema ni mapacha.

Akanishika bega. Akasema mashaallah. Akasema madebe nilete Ijumaa, atayasimamia mwenyewe, na jioni hii Bi Sheikha amekuja na uzi akapima tumbo la Milcah, ameanza kufuma kofia mbili.

Milcah ameniuliza pacha wa pili tutamtoa wapi. Nimemwambia asiwe na haraka, Machi bado mbali.